Nyangi hakumficha kaka yake wachumba walipokuja

Saa mbili asubuhi, kijijini Nyegina, mkoani Mara. Nyangi Bernado anamwaga maharage kwenye ungo mbele ya akina mama waliomzunguka. Mekundu na meupe yamechanganyika. Anachota kiganja kimoja.

"Mtoto naye amechota hivi kwa baba na kwa mama," anasema. "Haya meupe ndiyo hatari ya kuugua. Kidogo kila mtu anayo, hayamsumbui. Yakiwa mengi, na maisha yakambana, ndipo ugonjwa wa akili unaweza kuanza."

Nyangi (46) ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Somo hili la urithi alilipata kwenye semina Musoma mjini, na alikwenda na lake moyoni. Kaka yake, Yakobo, anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, na huku uchumba hauendi mbali kabla kila upande haujauliza kama ukoo wa pili una kichaa.

"Wageni wa uchumba wakija tulikuwaga tunampeleka kwa shangazi, kule Iringo, mpaka waondoke," anasema. "Tulimficha kama kitu cha wizi."

Mwaka jana alichumbiwa binti yake, Diana, na kijana wa Bunda. Shangazi Mbuke akaja kumchukua Yakobo kama kawaida. Nyangi akakataa. Akampa kaka yake shati safi, akamketisha na ndugu wengine. Kusema kweli, si wengi tungethubutu.

Mzee Magige, baba wa kijana, akauliza swali lililomleta.

"Mgonjwa wetu ni huyu hapa," Nyangi akamjibu. "Anameza dawa, analima. Mjomba akiugua, kati ya wapwa mia wanaougua ni watatu, wanne hivi. Siwezi kukuapia kuhusu Diana, mzee. Na wewe huwezi kuniapia kuhusu kijana wako."

Diana alikuwa jikoni akisikiliza. "Nilijua nimeachwa," anasema.

Magige akamtazama Yakobo.

"Na sisi tunaye mgonjwa, ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Watu wenu walipokuja Bunda kutuuliza, tulimpeleka kwa jirani."

Ng'ombe wa mahari walifika wiki iliyofuata. Nyangi anacheka akisimulia, furaha imemjaa usoni, na ana haki.

Sasa Mzee Magige anamwomba aende Bunda kuufundisha ukoo mzima. Amekubali, kwa sharti moja.

"Nimemwambia, mzee, nitakuja. Ila huyo mdogo wako nimkute amekaa na wenzake. Nitaanza kumsalimia yeye."