Rafu ya Nyuma

Siku mama yule wa Muyinga aliponionyesha rafu yake ya nyuma kwa mara ya kwanza, nilikuwa natazama saa. Nilikuwa nimeondoka Gitega alfajiri, nikapitia Karuzi, na mpango wangu ulinipa saa tatu tu za kumhoji kabla sijatafuta gari la kurudi. Nilitaka kujua ana aina ngapi za vitambaa, anavipangaje, na mteja akirudisha kitu inakuwaje. Yeye alitaka kunionyesha rafu.

Kazi yangu ni kupanga. Tuko wawili katika chumba kimoja Gitega, juu ya duka la dawa, tunawatengenezea wafanyabiashara maduka ya mtandaoni. Mwenzangu, dada mmoja mzaliwa wa hapo hapo Gitega, ndiye anayeandika programu. Mimi nazungumza na wenye maduka, naandika wanachotaka, nakigawa katika kazi za wiki mbili mbili, kisha namsumbua mwenzangu mpaka ziishe. Ananiita shefu, yaani mkubwa wake, kwa heshima kidogo na kejeli nyingi. Sina subira, nakiri. Nimekulia kambini Tanzania, ambako kila kitu kilikuwa foleni, na tangu turudi Burundi nimekuwa mtu wa kuhesabu dakika.

Mama huyo aliuza vitambaa katika mtaa wa Waislamu wa Muyinga, kama mama yake kabla yake. Alikuwa na vitenge, leso, na hasa imvutano, zile nguo nyepesi za vipande viwili ambazo wanawake wetu hujitanda harusini, kimoja kiunoni na kingine kikifungwa begani. Wateja wake walikuwa wanawake wa vilimani, wa Gashoho na Mwakiro, waliokuja siku za soko. Mafuta ya magari yalipoadimika na soko likapungua watu, akaona bora vitambaa vyake viwafuate wateja kwenye simu zao. Ndiyo maana nilikuwa pale na daftari langu.

Alinyanyua pazia nyuma ya kaunta. Palikuwa na rafu ya mbao yenye mafungu ya vitambaa, kila fungu limefungwa kwa ukanda wa nguo kuukuu. Hapakuwa na karatasi wala jina lolote.

“Hii iko ya mama moja wa Gashoho,” akasema, akiligusa fungu la kwanza. “Mtoto wake atabatizwa. Hii iko ya mwalimu moja, yee anangoja kwanza mchumba aseme. Na hii ya zambarau njo iko ya shangazi moja wa Mwakiro, harusi ya mtoto wa kaka yake. Kumi na mbili, rangi moja. Mi nilimuambia, nitakuwekea.”

“Ametanguliza chochote?” nikauliza.

“Hapana. Mi njo nilimuambia, mi mwenyewe.”

Akaendelea na mafungu mengine, moja baada ya jingine, nani na kwa shughuli gani, nami nikaendelea kuitazama saa. Katika daftari niliandika maneno machache tu: rafu ya nyuma, kuwekeana, si lazima.

Ofisini tuna ubao ukutani. Karatasi nyekundu ni kazi za lazima, njano ni ikiwezekana, nyeupe ni baadaye. Baadaye, katika kazi yetu, ni jina la heshima la kamwe. Mwenzangu aliposoma daftari langu aliuliza hili la rafu ya nyuma aliweke wapi. Nikamwambia nyeupe. Akauliza kama nina hakika, kwa kuwa kwao pia wauza vitambaa huwawekea watu. Nikamjibu kwamba tukisikiliza kila hadithi ya kila duka, duka litafunguka siku ya kiyama. Akaibandika karatasi nyeupe chini kabisa ya ubao, akarudi kwenye kompyuta yake.

Kabla ya kufungua duka la mtandaoni nilirudi Muyinga kuorodhesha mali. Mpango ulikuwa kwamba sehemu ya vitambaa ikae Gitega, ofisini kwetu, ili mteja wa Gitega asingoje gari la kutoka Muyinga siku nne. Ulikuwa mpango mzuri, na mpaka leo nautetea. Nilifika Ijumaa. Mchana mama akajifunga mtandio wake akaenda kuswali, akaniacha peke yangu dukani. “Beba yenye unaona itafaa,” akaniambia. “We unajua kazi yako.”

Nilihesabu kila kilichokuwa mbele. Kisha nikanyanyua pazia. Nilijiambia kitambaa ni kitambaa, na mfumo usiojua mali yote ni mfumo mwongo. Fungu la zambarau lilikuwa zuri kuliko yote: imvutano kumi na mbili za rangi moja, zimekunjwa vizuri, tayari kwa picha. Sikumbuki kama nilimfikiria shangazi wa Mwakiro. Ningependa kusema nilisahau, lakini nadhani nilikumbuka na nikaona halina uzito. Nilifungua ule ukanda kuukuu, nikautupa, nikalitia fungu katika mfuko wangu pamoja na mengine. Mama aliporudi nilimpa orodha. Akaikunja bila kuisoma, akaitia kwenye droo, akanipa chai.

Duka lilifunguka Jumatatu, na siku hiyo hiyo mtu wa Makebuko akanunua zile za zambarau, zote kumi na mbili. Mimi na mwenzangu tulipiga makofi mpaka mwenye duka la dawa akapanda kuuliza kuna nini. Simu ya mteja ilipokea ujumbe nilioutunga mwenyewe, nikijiona mshairi: “Hongera. Kuanzia sasa hiki ni chako.” Kesho yake mzigo ukaenda kwa pikipiki.

Jumatano ya wiki iliyofuata mama akapiga simu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

“Mwanangu, ile fungu ya zambarau, we njo uliibeba?”

Nikamwambia ndiyo, na kwamba ilikuwa bidhaa yetu ya kwanza kuuzwa.

“Yoo,” akasema. “Yule shangazi atakuja kuichukua Ijumaa. Harusi iko Jumamosi.”

Hapo nikakasirika, na nilikasirika vibaya. Nikamwambia angeandika jina juu yake. Nikamwambia yule mwanamke hakuwa ametoa hata sarafu, hakuwa ametia sahihi, hakuwa ametoa neno lolote la kumfunga. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

“Yee hakutoa neno,” akasema. “Neno nilitoa mimi. Hawa wamama wa kule wanatembea tangu asubuhi kuja kwangu, bon, wanapita maduka mangapi? Wanakuja sababu wanajua mi nikisema nitakuwekea, nimeweka. Mama yangu alikuwa vile. Sasa hii Ijumaa nitamuambia nini huyu mutu?”

Nilipendekeza rangi nyingine, akaniambia wanawake kumi na mmoja wameshaambiwa zambarau, na aina ile imekwisha kwa waliomletea. Nilipokata simu, mwenzangu alisimama, akabandua ile karatasi nyeupe chini ya ubao, akaiweka juu ya kompyuta yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, bibi yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimeambiwa na wawili, mama na mwenzangu.

Pikipiki yenye mafuta niliipata mchana. Makebuko si mbali na Gitega, lakini njia nzima nilikuwa natayarisha maneno na kuyafuta. Mnunuzi alikuwa mwanamke wa makamo, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Nilimkuta anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Nikamweleza habari yote. Aliegemea jembe lake akanisikiliza, kisha akafuta mikono, akatoa simu mfukoni, akanionyesha ujumbe.

“Hapa pameandikwa hiki ni chako,” akasema. “Nani aliandika?”

“Mimi.”

“Na sasa wewe huyo huyo umekuja kuniambia si changu.”

Nikasema ndivyo. Aliirudisha simu mfukoni, akanitazama vizuri.

“Kiswahili chako ni cha ng'ambo. Ulikulia wapi?”

Nikamwambia kambini, upande wa Kigoma. Akacheka, akasema yeye pia alimaliza ujana wake upande huo, na pale tukasahau vitambaa kwa muda tukakumbushana vumbi, mgao wa mahindi, na bomba la maji. Ndipo akaniuliza kama nakumbuka mawe.

Nilikumbuka. Foleni ya maji ilianza kabla ya jua, na hakuna aliyeweza kusimama pale muda wote. Mtu aliacha jiwe lake kwenye mstari akaenda kutafuta kuni, na sisi tuliobaki tulikuwa tukilisogeza mbele jiwe lake kila mstari uliposogea. Watu waligombana kambini kwa mambo mengi. Jiwe la mtu hawakuliondoa.

“Basi huyo wa Mwakiro ana jiwe mbele yangu,” akasema. “Ningefanyaje?”

Hakuniachia hivi hivi. Alinipeleka kwa wanakwaya waliokuwa wakijiandaa kwa mazoezi, akanisimamisha mbele yao, akaniambia nieleze mwenyewe. Nilieleza. Mmoja alinizomea, na nilistahili. Zile imvutano walikuwa wazivae baada ya Jumapili chache, siku ya kuweka wakfu jengo lao jipya, na nyuso zao zilionyesha kwamba walikuwa wameshajiona wamezivaa. Niliona aibu kubwa. Kisha fungu likaletwa, bado halijafunguliwa. Malipo yao nikawarudishia hapo hapo kwa simu. Kiongozi aliponikabidhi fungu alinipa na ujumbe kwa mama wa Muyinga.

“Mwambie zikija nyingine aniwekee,” akasema. “Rangi yoyote. Sitabonyeza kitu, mwambie tu.”

Alhamisi nilikuwa Muyinga. Mama alilipokea fungu, akalipitishia kiganja juu yake, akachana ukanda mpya kutoka kwenye leso kuukuu akalifunga. Nilipompa salamu za Makebuko aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kazi. Nililala kwa jamaa zake ili Ijumaa niwepo, nimwombe shangazi radhi. Shangazi alikuja na kikapu kichwani, vumbi mpaka magotini, akichekacheka kwa furaha ya harusi. Nikafungua kinywa. Mama akanikanyaga mguu chini ya kaunta.

Alipoondoka na fungu lake kikapuni nilimuuliza mama kwa nini hakuniacha niseme.

“Amepata kitu yake,” akasema. “Unataka umupe na wasiwasi yako, aende nayo ku harusi?”

Wiki iliyofuata nilirudi na mwenzangu, na karatasi yetu ilikuwa nyekundu sasa. Tulikaa nyuma ya pazia siku nzima, mama akituelekeza. Kila fungu liliingia katika mfumo na mwenyewe wake, na likishaingia halionekani tena kwa wanunuzi. Lilibaki swali moja. Mwenzangu aligeuza kompyuta amwonyeshe mama sehemu ya kujaza: kitambaa kiwekwe mpaka lini?

“Maduka mengine ya mtandaoni huweka siku mbili,” nikasema. “Tunaweza kufanya wiki, au mwezi.”

“Mpaka atakuja,” mama akajibu.

“Na asipokuja?”

Alipanda kigoda, akafika kona ya juu kabisa ya rafu, akashusha kitu kilichofungwa gazeti lililogeuka rangi ya chai. Ndani mlikuwa na kitenge kimoja cha kijani, cha mtindo ambao sikuwahi kuuona madukani.

“Hii iko ya mama moja alikuwa jirani,” akasema. “Mama yangu njo alimuambia, nitakuwekea. Vita ikaja, akavuka Tanzania na watoto. Hajarudi. Mama yangu alipokuwa anakufa alinionyesha hii, akasema hii iko na mwenyewe.”

“Huenda amekufa, mama.”

“Pengine. Ila hajaniambia.”

Mwenzangu alisitisha vidole. Mimi nikajifanya nasoma lile gazeti. Kambini wazee wetu walituambia kwamba nyuma yetu hakukubaki kitu: shamba limechukuliwa, mlango umeng'olewa, jina limefutwa. Nilirudi Burundi nikiamini hivyo. Na miaka yote hiyo, wakati sisi tunasukuma mawe ya watu kwenye foleni ya maji, hapa Muyinga mtu alikuwa anafuta vumbi kitenge cha mkimbizi na kukirudisha mahali pake. Nililia, kidogo, nikiwa nimegeukia ukuta. Mama aliniachia nafasi, akaenda kuhudumia mteja.

Tulikiingiza kitenge cha kijani kama vingine. Kwenye mwenyewe tuliandika: mama jirani, alivuka. Sehemu ya tarehe mwenzangu alitaka kuiacha wazi, mfumo ukakataa, akaahidi kuirekebisha wiki ijayo. Kwa muda tukaandika siku moja, ikiisha mfumo uulize. Wiki ijayo ilipofika nilimwambia aiache ilivyo. Kwa hiyo kila asubuhi, nikifika juu ya duka la dawa na kabla sijautazama ubao, mfumo unaniuliza kama kitenge hicho kiuzwe sasa. Nabonyeza hapana, kisha naanza kazi.