Nilivyomzika Mama Nikiwa Konde

Mama alifariki Njombe alfajiri, nami nikapata habari nikiwa hapa Konde, kisiwani, nimeshavaa kwenda kufundisha. "Tunakungoja," kaka yangu aliniambia kwenye simu. "Hatuziki mpaka ufike." Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto aliye mbali hungojwa, na waombolezaji huimba mpaka sauti ziwakauke.

Tatizo lilikuwa bahari. Ilichafuka, boti zikazuiwa kuondoka, na wenye haraka kuliko mimi walishamaliza viti vya ndege. Nilifunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga tena.

Jirani yangu ni bibi mjane ambaye, tangu nihamie hapa, huanika karafuu zake mbele ya mlango wangu bila hata kuniomba ruhusa. Alikuja na wanawake wenzake kabla sijafuta machozi. Wakatandika mkeka. "Makiwa, mwanangu," wakasema mmoja mmoja, kisha wakakaa kimya. Kimya chao kiliniudhi. Nilizitamani kelele za kwetu, akina mama wakiingia mlangoni na wimbo, mmoja akianguka kwa kilio na wenzake wakimwinua kwa pambio. Hapa mtu hulia kwa adabu, uso ndani ya kanga.

"Kazikwa saa ngapi?" bibi akauliza.

"Bado. Wananingoja mimi."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia tumemwacha mama barabarani. "Lo! Maiti hawekwi, mwanangu. Wangoja n'ni? Waambie wamstiri."

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba kila watu wana desturi zao, na mimi nataka kumtia mama yangu udongo kwa mkono wangu, basi. Aliinuka akaingia jikoni kwangu kunipikia uji.

Kesho yake boti hazikuondoka, wala keshokutwa. Kanisa letu liko Wete, na Wakristo wa huku, wengi wetu manesi, askari na walimu kutoka bara, hatujazi hata mabenchi ya mbele. Walinipigia simu wakaniombea. Mimi mwenyewe nilisali vibaya. Nilimwambia Yesu waziwazi: uliituliza bahari ya wengine, hii yangu imekushinda nini? Upepo uliendelea kuvuma, na nilipochoka kugomba nilibaki kulia tu mbele zake, nikiomba nguvu ya kusema neno moja.

Nikampigia kaka yangu. "Mzikeni," nikasema. Sijawahi kutamka neno zito kama lile.

Siku ya mazishi wale wanawake walirudi na mkeka wao. Kaka alishika simu karibu na kaburi ili nisikie. Nilimsikia mchungaji akisoma, nikasikia udongo ukimwagwa, kisha kwaya ya mama ikaanza wimbo alioupenda. Tangu nikiwa msichana nilisimama kando yake kwenye kwaya ile ile, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili. Nikaisahau aibu ya wageni. Nikafumba macho nikaimba nao.

Katikati ya ubeti simu ikakatika. Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikaiweka chini nikanyamaza, maana sauti ya pili ikiwa peke yake haieleweki hata ni wimbo gani.

Bibi akajifunua kanga. "Mbona umenyamaza?"

"Simu imekatika, bibi. Hawanisikii tena."

"Kwani Mungu asikiliza kwa simu?" Alinivuta mkono nikakaa wima. "Mmalizie mama yako."

Nikaimba. Nguvu ile sijui niliitoa wapi, kwa kuwa kifuani sikuwa nayo, naamini nilipewa. Palipokuwa pa mama sikupajaza. Niliimba sehemu yangu hadi ubeti wa mwisho, na nilipomaliza wale wanawake wakaitikia, "Amin."

Kaburi lake nimeshalitembelea, nimepanda na maua. Lakini bado namtamani, hasa Jumapili pale Wete. Wimbo ukianza huwa nachelewa kidogo kuingia, nikimsubiri yeye atangulie.