Majani ya Uzio Wangu

Mdogo wangu wa tumbo moja tunamwita Hatujui. Jina hilo nilimpa mimi. Ukimuuliza kitu chochote cha kazi yake, anakunja uso, anafikiri, halafu anakujibu, "Hatujui bado." Mtu kasoma mpaka miwani ikamkaa puani, halafu hajui. Mimi niliyeishia kushona sare za shule, ukiniuliza kama kitambaa kitatosha suruali mbili, nakujibu hapo hapo na mkasi nimeshaushika.

Kazi yake ni kutafuta dawa ya dengi kwenye mimea, ila mimea yenyewe haigusi. Anashinda chuoni, chumba cha kompyuta sita na feni moja inayolalamika. Ndani ya kompyuta wameingiza kemikali elfu nne zinazotoka kwenye mimea, na umbo la protini moja ya kirusi cha dengi. Kompyuta inachukua kemikali moja moja, inaipachika kwenye ile protini, inaangalia kama inakaa. Kila moja inapewa alama, na alama zote ziko chini ya sifuri. Iliyozama zaidi ndiyo ya kwanza. Siku aliponieleza hilo nilicheka mpaka uzi ukanitoka kwenye sindano. Darasani kwetu aliyepata chini ya sifuri angefukuzwa.

Jumapili moja alikuja kwangu uso umechangamka. Nilimbana mpaka akasema: orodha imetoka, na iliyoongoza inatokana na mmea fulani. Akanionyesha picha kwenye simu, majani mapana yenye mshipa mwekundu katikati. Nikamshika mkono nikamtoa uani.

"Si huu hapa?"

Uzio wangu wote ni mmea huo. Akasimama mbele yake kama anatambulishwa kwa mkwe. Miaka miwili anahangaikia mimea ndani ya kompyuta, na ndiyo kwanza anauona mmoja kwa macho. Akachuma jani moja, akalinusa, akacheka peke yake.

"Kwa hiyo unatibu dengi?" nikamuuliza.

"Hatujui bado, dada."

Likaingia sikio hili, likatokea lile.

Wiki mbili hazikupita, binti yangu akashikwa na homa. Ana miaka tisa, na ni mtoto asiyejua kukaa kitako, lakini siku hiyo alilala chini ya meza yangu ya kukatia akisema macho yanamuuma kwa ndani. Hospitali wakapima damu, wakasema dengi. Daktari akanieleza taratibu: dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna. Anywe maji mengi, atumie dawa ya homa waliyotupa na si nyingine yoyote, na akitapika, akiumwa tumbo au akitoka damu, nimrudishe haraka. Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Dawa hakuna, wakati dawa imenizungukia nyumba nzima?

Nikachemsha. Sitii chumvi wala sipunguzi: vikombe vitatu kwa siku, siku mbili. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo nilimsimulia, kimbelembele changu hicho. Siku ya nne ya ugonjwa nikamgusa paji la uso, homa hakuna. Nikampigia simu mdogo wangu huku natamba.

"Majani yako yanafanya kazi. Homa imekwisha."

Akauliza, "Umempa vikombe vingapi?" Nikamwambia. "Anatapika?"

"Mara mbili tangu asubuhi. Uchafu wa homa unatoka."

"Dada, mpeleke hospitali sasa hivi. Dengi homa ikishuka ndipo hatari inapoanza. Nakuja."

Nilimbeba mtoto mgongoni, na miguu yake mirefu ikinigonga magoti nikaenda hivyo hivyo.

Daktari alituuliza mgonjwa ametumia nini. Mdogo wangu, aliyefika akihema, ndiye aliyejibu. "Amekunywa majani. Mimi ndiye niliyeyataja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Sasa sijui kutapika huku kunatokana na dengi au na majani yenu. Yana nini? Yanafanya nini kwenye ini? Yanafanya nini kwenye damu?"

Mimi na daktari tukamtazama mdogo wangu. Akavua miwani.

"Hatujui bado," akasema.

Sikumcheka. Nilitaka ardhi inimeze.

Mtoto akatundikiwa maji. Chembe za kugandisha damu zilipimwa asubuhi na jioni, na kila karatasi iliyokuja ilikuwa na tarakimu ndogo kuliko iliyotangulia. Pale kwenye benchi la ukumbini nikamgeukia mdogo wangu kwa hasira yote niliyokuwa nayo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu.

"Kwa nini hukunikataza?"

"Nilikwambia hatujui."

"Hatujui si kukataza."

"Kweli," akasema. "Kompyuta imepima shati kwenye sanamu ya dukani, dada. Hakuna mtu aliyelivaa. Ningekwambia hivyo, ungeelewa. Lakini nilifurahi mno kuuona ule mmea." Akaanza kulia. Nikalia na mimi, maana niliogopa, na maana nguo naijua: nimeona ngapi zilizokaa vizuri kwenye sanamu zikampasukia mwenyewe kwapani.

Siku ya tatu wodini tarakimu zikaanza kupanda. Binti yangu akafungua macho, akalalamika kwamba mto unanuka dawa, akamwomba mama yake mdogo simu acheze. Nilishukuru mpaka manesi wakanichoka.

Jioni ya kurudi nyumbani nilimkuta jirani wa nyumba ya tatu kwenye uzio, mfuko mkononi.

"Mjukuu wangu ana homa," akasema. "Nipe kidogo. Si ndiyo haya yaliyomponya binti yako?"

"Hatujui bado," nikamjibu. Nilijisikia mwenyewe nikilitamka. "Yanaweza kumdhuru. Mpeleke hospitali wampime damu."

Akanitazama juu hadi chini. "Majani tu, jirani, unanibania?" Akaondoka na mfuko wake mtupu.

Asubuhi nilifungua mlango nikaona barabara. Uzio ulikuwa umechumwa kwa upande wa nje, kuanzia kiunoni hadi juu mkono unapofika, vijiti vitupu, na mkono mmoja usingemaliza kazi ile. Nikampigia mdogo wangu, hakwenda chuoni siku hiyo. Nikafunika cherehani. Tulianzia nyumba ya tatu, tukaendelea mlango kwa mlango, yeye anapiga hodi, mimi nauliza kama kuna mgonjwa ndani.