Nilivyokata Mlango wa Mama Yangu kwa Grenda

Siku niliyokata mlango wa mama yangu kwa grenda ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka, majirani wamejaa uani wananitazama.

Mlango wenyewe niliutengeneza mimi.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha ya chuma, ngazi, ndiyo kazi yangu. Mama ana miaka sabini na sita, anaishi peke yake, na kwa ubishi sijaona wa kumfikia. Tulishamwomba sana ahamie kwangu. Jibu lake ni moja: "Nije kulelewa? Bado najipikia."

Kuna mwezi wezi waliingia nyumba ya tatu kutoka kwake. Presha ikanipanda. Nikamwekea mlango wa chuma, nondo madirishani, na kwa ndani komeo zito.

"Mama, hili komeo lisikae wazi hata dakika moja. Usiku na mchana."

"Mwanangu, hii ni nyumba au jela?"

"Mama, nakuomba usinianze."

"Basi niwekee na bomba la kushikilia kule bafuni. Sakafu inateleza."

Kipande cha bomba na skrubu nne. Kazi ya nusu saa. Nikamjibu, "Nitakuja wiki ijayo."

Nilishamjibu hivyo mara ngapi, sikumbuki.

Kilichonikera zaidi ni ufunguo. Niligundua amempa jirani yake ufunguo wa akiba. Jirani huyo ni mama mshonaji, cherehani yake iko barazani, wateja wanaingia na kutoka kutwa nzima. Nikasema hapa usalama uko wapi?

Nikaenda kuudai mbele za watu.

Mshonaji akanitazama juu ya miwani yake. "Fundi, una uhakika?"

"Ninao, mama. Nipe."

Akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Akamtupia jicho mama yangu aliyekuwa amesimama mlangoni kwake. Akanipa ufunguo, akarudi kwenye kitambaa chake.

Siku tisa baadaye simu ikaita nikiwa kazini. Mshonaji.

"Njoo haraka. Mama yako anagonga ukuta wa bafuni. Nikimwita anaitika, lakini anasema hawezi kuinuka."

Nilifika na ufunguo mkononi. Kitasa kikafunguka vizuri kabisa. Mlango haukusogea.

Komeo!

Nikausukuma kwa bega. Nikaupiga teke. Nondo za madirishani usiseme, nilizipima mwenyewe, hata paka angepita kwa shida. Ndani namsikia mama, sauti ya chini: "Usivunje, mwanangu. Nitajikokota nije."

Usivunje! Nilitaka kulia na kumgombeza kwa pamoja.

Nikakimbilia karakana kuchukua grenda. Kwenda na kurudi, dakika arobaini. Kukata, nyingine ishirini na tano, kwa sababu chuma nilichagua kile kinene. Mzee mmoja pale uani akasema, "Fundi, kwa kweli ulijua kujenga." Almanusura nimrushie nyundo.

Tulimkuta sakafuni, maji ya bombani bado yanamwagika, amelowa chapachapa, anatetemeka. Nyonga imevunjika.

Hospitali ndipo nikaanza. "Mama, nilikwambia uhamie kwangu! Nilikwambia uwe mwangalifu! Kwa nini husikii?"

Mshonaji akanishika mkono, akanivuta pembeni. "Hebu nyamaza. Hii ni mara ya tatu."

"Mara ya tatu nini?"

"Kuanguka. Mara mbili za kwanza nilifungua mimi, maana alikuwa hafungi komeo mpaka ulipochukua ufunguo; nikamwinua, nikamkanda. Ndiyo kazi ya ule ufunguo uliouchukua. Aliniapisha nisikwambie."

Nikarudi kitandani kwake. "Mama, kwa nini ulinificha?"

Hakunitazama. "Ungenisema. Halafu ungenihamisha."

 

Sasa anatembea kwa kuegemea fremu, pole pole. Bafuni nimefunga mabomba mawili ya kushikilia na kutandika mkeka wa mpira. Simu yake anaivaa shingoni. Komeo nimeling'oa. Ufunguo wa akiba niliurudisha kwa mshonaji, nikamwomba aupokee. Akaupokea, akarudi kwenye kitambaa chake. Bora angenitukana.

Hasira ninayo mpaka leo, na sina wa kumtolea zaidi ya mimi mwenyewe. Nilipigana na mwizi ambaye hakuja, huku nimeahirisha skrubu nne.

Wewe mwenye mzazi anayeishi peke yake, nenda kwake ukaikanyage sakafu ya bafu lake ikiwa na maji. Hakikisha kuna mtu wa karibu anayeweza kuingia akiitwa. Na muulize kama amewahi kuanguka.

Akikwambia ndiyo, usimseme. Ukimsema, akianguka tena hutaambiwa.