Pole Iliyoingia Kwenye Filamu

Kwenye kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili katika filamu, hapa Bagamoyo sijaona wa kunifundisha. Nasema bila haya. Kwa hiyo nilipoletewa filamu ya hali halisi ya wanawake walionusurika mauaji ya Wayahudi, yale ya Wanazi, sikutetereka. Sharti lilikuwa moja: bibi mmojawapo, mkongwe kabisa, aisikilize kwanza sauti itakayosema kwa niaba yake, aikubali. Akikataa, sehemu yake inatolewa, na bila yeye filamu haina roho.

Nilimchagua shangazi yangu, mkulima wa mwani kule Mlingotini. Tulirekodi chumbani kwangu Dunda, magodoro nimeyaegesha ukutani kuzuia honi za bodaboda.

Alisoma vizuri mpaka pale bibi anapomtaja mdogo wake aliyefia kambini, kisha ananyamaza. Nilishamwambia shangazi, hapo na wewe nyamaza. Akasema, "Pole, mama. Mungu akupe subira."

Nikasimamisha mashine. "Shangazi, hapo wewe ndiye yeye. Mtu hajipi pole."

"Mtu akutajie maiti wake, wewe umkodolee macho tu? Umelelewa na nani?"

Nimelelewa na yeye. Tukarudia mara nne, na mara nne akatoa pole yake. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni, nikaenda kuikata kwenye kompyuta.

Mimi sikosei faili. Siku hiyo nikakosea, nikatuma lile ambalo halijakatwa. Nilipogundua, lilikuwa limeshafika.

Mjukuu wa yule bibi akaniandikia: bibi anauliza, huyo mama anasema nini pale ambapo yeye amenyamaza? Nikamweleza, nikaomba radhi mistari mizima, nikaahidi kuyaondoa maneno yale.

Jibu lilikuja kesho yake. Bibi amekubali, ila pole isiguswe. Tangu aanze kusimulia mbele ya kamera, watu humngoja afute machozi, kisha humuuliza ikawaje baada ya hapo. Amezeeka akilijibu swali hilo. Mwenye kamera wa kumpa pole ya mdogo wake hakuwahi kumwona.

Niliona aibu, tena kubwa. Kimya chake kile nilikuwa nimekipima kwa sekunde, siku nzima, nikitafuta pa kukatia. Nikamwandikia pole yangu hapo hapo, kabla sijasema lolote kuhusu kazi.