Saa ya Mama Pembeni mwa Kioo

Nina ugonjwa mmoja: nikikaa mbele ya kompyuta, lazima niipekue. Sisemi kuifungua kwa bisibisi. Nasema ile mipangilio iliyofichwa, ambayo walioitengeneza waliiweka nyuma ya milango mitatu minne wakitumai mtu kama mimi atachoka njiani. Mimi sichoki. Kompyuta yetu ya mezani pale Likoni niliigeuza mpaka haikujijua. Ule mstari wa chini niliupeleka juu, milio yote nikaizima, kishale nikakifanya kikubwa cha rangi ya kijani. Mama akipita na ungo wake huuliza, "Wafanyani humo tangu asubuhi?"

"Naitengeneza, mama."

"Kwani iliharibika?"

Lakini mama naye alikuwa na kazi yake na kompyuta ile. Amesomesha watoto Kurani tangu mimi sijazaliwa, na dada yangu alipohamia Maskati na mumewe, mama hakukubali mjukuu wake asomeshwe na mtu mwingine. Akamwanzishia alifu kupitia kioo kile, jioni za katikati ya wiki, mimi nikisharudi kazini Changamwe na kumfungulia. Miaka minne hivyo hivyo, mpaka zikabaki kurasa mbili mtoto akhitimu.

Kwa siku hiyo kubwa dada alichagua Jumamosi, ili na wakwe zake wahudhurie. Akaleta ukumbusho kwenye kalenda ya kompyuta: Jumamosi, 10:00. Mimi Jumamosi ile nilikuwa na zamu, nikamwonyesha mama pa kubofya, nikaondoka roho yangu kunjufu.

Sasa, nyumba yetu ina saa ya ukutani ambayo marehemu baba aliipanga kwa hesabu yetu wenyewe. Ikiwa saa moja ya asubuhi, mshale mfupi uko kwenye moja, si kwenye saba. Mama hajapata kuifuata saa nyingine. Alipoona 10:00, alijua ni saa kumi, baada tu ya swala ya alasiri. Asubuhi yote alikuwa uani akipika vitumbua vya kusherehekea, simu yake chumbani.

Nilirudi saa kumi na nusu. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo kitupu, kavaa kanga mpya, chetezo cha udi kinafuka miguuni, msahafu mapajani. "Wamechelewa," akaniambia. Nikautazama ule ukumbusho, nikaelewa: kompyuta huhesabu saa kwa Kizungu. Maskati walikuwa wamekusanyika tangu saa nne za asubuhi za kwetu, wakangoja mpaka mtoto akalia.

Dada alipopiga simu hakugomba. Alisema tu kwamba nyumba ya pili pana mwalimu, pengine yeye amsikilize mtoto zile kurasa mbili, mama apumzike. "Vyema," mama akajibu, "mpelekeni." Kisha akaivua ile kanga mpya, akaifunika kompyuta nayo. "Mimi nimezeeka. Kitu hiki ni chenu nyinyi."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Miezi yote ile nacheza na rangi ya kishale, na kitu kimoja alichokihitaji mama sikukigusa. Nikamwomba dada wiki moja, asimpeleke mtoto popote. Akanipa.

Jumapili nikaifunua kompyuta. Kwanza nikairudisha saa yake nyuma kwa mkono, muda wa saa sita kamili. Kesho yake ilikuwa imejirekebisha yenyewe kupitia mtandao. Nikaitafuta swichi ya kuizuia, nikaizima. Saa ikatulia, lakini ukumbusho wa dada ukabaki palepale, 10:00. Siku tatu nahangaika. Jumatano ndipo nikatambua kwamba mimi naidanganya kompyuta juu ya wakati, na dawa ni kuidanganya juu ya mahali ilipo. Nikairudishia saa yake ya kweli, nikafungua orodha ya miji ya dunia, nikateremka mpaka nikaupata ulio nyuma yetu kwa saa sita: Buenos Aires. Nikabofya. Ilikuwa saa mbili usiku, na pembeni mwa kioo pakaandika 2:00. Nikaitazama kalenda, na ukumbusho wa dada wa Jumamosi ukasoma 4:00. Saa nne.

Sikuishia hapo. Mlango wa nne ndani nilikuta vijisanduku viwili vyenye zile herufi za asubuhi na jioni za Kizungu, navyo vinapokea neno lolote. Nikafuta, nikaandika "mchana" na "usiku". Vikakaa sawasawa, mchana ukianza alfajiri inapokwisha na usiku ukianza magharibi, kama tunavyohesabu sisi. Nilifurahi mpaka nikainuka nikaizunguka meza.

Nikamwita mama. Akainama, akasoma polepole. "Hini saa ya wapi?"

"Ya Buenos Aires, mama. Amerika ya Kusini."

"Na huko kuna Waswahili?"

"Sidhani."

"Basi wameijuaje?"

Nikamwambia tu kwamba Jumamosi nitakuwepo nyumbani, lakini sitagusa kitu, atafungua mwenyewe.

Jumamosi, pembeni panasoma 3:40 mchana, mama alikuwa tayari kitini na udi wake. Mimi nilisimama mlango wa jikoni, mikono nyuma, nikijizuia. Ilipofika 4:00 akabofya. Kioo kikajaa nyuso za Maskati, na mbele yao mtoto kavaa buibui dogo jeusi.

"Shikamoo, nyanya. Leo umewahi."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Akasoma kurasa zote mbili. Mama alimsimamisha pahali pamoja tu, akamrudisha, akaendelea. Alipomaliza, vigelegele vilitoka Maskati, na mama akavijibu kwa nguvu mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza nani anaolewa.

Walipokwishaagana, mama alijifuta macho kwa upindo wa kanga, ileile aliyoifunikia kompyuta. Akaitazama saa ya baba ukutani, akaitazama ya kwenye kioo. Zote mbili zilikuwa saa tano kasorobo.

"Sasa najua ugonjwa wako umeutoa wapi," akasema. "Baba yako alikaa siku mbili na ile ya ukutani."

Kisha akaniambia hii nisiiguse tena.