Shangazi Aliyetoka Ng'ambo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, upepo wa ziwa ulipokuwa ukirusha mchanga hadi mlangoni mwa biro, ile ofisi ya komini. Kijiji chetu, kusini mwa Kalemie, kilikuwa kimetoka tu kufanywa komini ya vijijini, yaani mji mdogo wenye utawala wake, na burugumestre, mkuu wa komini, alitangaza kwamba asubuhi ile ataandikisha ndoa za kwanza. Mimi nilikuwa bwana harusi. Nilitaka ndoa yangu na Feza iwe ya kwanza kabisa, itajwe hivyo miaka yote.

Aliyetuchelewesha ni shangazi yake Feza, Mama Sikujua, aliyeolewa ng'ambo, upande wa Kigoma. Kwao binti hatoki nyumbani mpaka shangazi amshike mkono. Na boti yake ilikuwa bado majini, mawimbi makubwa.

Nilimkuta baba mkwe, Papa Kabwe, ufukweni akitazama ziwa.

"Papa, twende tu. Shangazi atatukuta kwenye karamu."

Hakugeuka. "Unaoa binti yangu, ao unaoa komini?"

"Wenzetu watatutangulia, Papa."

"Watangulie! Ule mama anavuka mupaka na mawimbi juu ya mutoto wake, afike akute tumeshamaliza?"

Nikamwendea Feza, nikidhani ataniunga mkono. Alikuwa mkekani na kitenge chake kipya.

"Wewe enda," akasema. "Ukifika, uoe burugumestre."

Wanawake waliokaa naye walicheka hadi wakashika mbavu. Nikakaa chini. Subira yavuta heri, methali hiyo nilikuwa naijua kwa mdomo tu.

Jua lilikuwa limepita utosini boti ilipofika. Mama Sikujua alishuka amelowa hadi kiunoni, na mfuko wa chumvi kichwani. Papa Kabwe, kaka yake, akamnong'oneza jambo, naye akaniangalia toka juu hadi chini.

"Kumbe njo huyu mwenye haraka? Basi mukwe, beba chumvi, haraka yako ipate kazi."

Nikaibeba nikiwa na suti yangu mpaka kwenye biro. Burugumestre alikuwa ameshashika ufunguo. Alicheka, akafungua tena, tukawa ndoa ya mwisho ya siku ile.

Mkono mmoja haulei mwana: mapacha wetu walipozaliwa, Mama Sikujua alivuka tena, akakaa nasi mpaka Feza akapata nguvu. Na ile ndoa ya kwanza ilikuwa ya nani? Hapa komini sijamsikia mtu akiuliza.

Mwanangu, sisi wa mpakani nusu ya jamaa zetu wanalala upande wa pili wa maji. Ukipanga jambo lako kubwa, usiangalie mlango wa biro peke yake. Tazama na ziwa, uulize nani bado yuko njiani. Ukimngoja leo, kesho atavuka kwa ajili yako.

Mungu akutulizie mawimbi, na kila ukifika umechelewa, ukute mtu ameshika ufunguo anakungoja.